Safari kati ya Usoke na Dar es Salaam

Safari kati ya Usoke na Dar es Salaam inaunganisha kata ya Usoke, katika Wilaya ya Urambo, Mkoa wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, na pwani ya Bahari Hindi. Kwa msafiri wa ndege, sehemu kubwa ya safari ni umbali wa takriban km 730 kati ya Uwanja wa Ndege wa Tabora na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere.

Umbali na muda

Umbali huo wa anga hupimwa kwa njia iliyo fupi kabisa juu ya uso wa Dunia. Reli ya Kati ni ndefu zaidi, kwa kuwa hupinda kufuata nchi: kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni km 840 hivi.

Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400 huweza kuruka zaidi ya km 600 kwa saa. Pamoja na kupaa na kutua, safari isiyo na kituo huchukua takriban saa moja na nusu. Anayekwenda Usoke hubakiwa na kama km 50 za kusafiri nchi kavu, kutoka Tabora kuelekea magharibi.

Wakati wa misafara

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo, shanga na waya. Watumwa nao walipelekwa pwani kwa miguu kwa njia hiyohiyo.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, tarehe 27 Juni, wakafika Tabora tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Misafara ilicheleweshwa na magonjwa, ukosefu wa maji na chakula, na majadiliano ya hongo iliyolipwa kwa watemi. Vita pia viliweza kufunga njia: mwaka 1871 mapigano kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora yalimlazimisha Henry Morton Stanley kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji.

Reli

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Usoke na kufika Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na kazi ya upagazi kwenye njia hiyo ikafifia. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipigana na Wajerumani Usoke, kabla ya kuingia Tabora tarehe 19 Septemba.