Kafyu ya 2020: Nani Aliulizwa?



Ndugu msomaji, Ramadhan ya mwaka 2020 iliingia hapa kwetu Kenya mwishoni mwa Aprili, na misikiti ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na tarawehe ya jamaa wala darsa la alasiri. Saa moja ya jioni, watu ndio kwanza wamefuturu na kuswali maghrib, kafyu ilikuwa ishaingia. Wadogo zetu wanaofunga mwaka huu kwa mara ya kwanza hawaikumbuki. Sisi tuliokuwa sekondari twaikumbuka kama likizo isiyokwisha. Lakini haikuwa likizo. Serikali ilishika nguvu kubwa juu ya raia, na sheria ilizotumia ni za zamani kuliko wazee wetu wengi.

Kabla ya hapo, hebu twende Sham. Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639 Miladia, tauni ya Amwas iliwaua masahaba wengi, akiwemo Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.) na Muadh bin Jabal (R.A.). Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda huko, na alipofika mahali paitwapo Sargh akaletewa habari ya maradhi. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim na wengi wetu tumekisoma chuoni. Mara nyingi twakieleza kwa ajili ya hadithi moja tu, ile ya kutoingia kwenye nchi yenye tauni na kutotoka ukiwa ndani yake. Mwaka 2020 hadithi hiyo ilisomwa kila mahali, hata na maafisa wa serikali wasiokuwa Waislamu.

Lakini tazama yaliyotangulia. Umar ni Khalifa, ana jeshi, angeweza kuamua peke yake akageuza ngamia. Hakufanya hivyo. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao vilevile. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama mwaka wa Ufunguzi, hao wakaafikiana kwamba arudi. Alipotangaza kurudi, Abu Ubaida, jemadari wake mwenyewe, akamuuliza mbele ya watu kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar hakumfunga wala hakumwita mchochezi. Alimjibu kwa hoja, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na moja kavu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (R.A.) na ile hadithi, na uamuzi ukathibiti. Ukihesabu, kabla ya njia kufungwa waliulizwa makundi matatu, na kiongozi akapingwa hadharani mara moja. Sisi tumeichukua hadithi na kuiacha shura.

Sasa turudi nyumbani. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 mwezi huohuo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima. Iliwekwa kwa Sheria ya Usalama wa Umma, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1950, miaka miwili kabla ya kutangaza hali ya hatari ya Oktoba 1952. Kufunga watu na mitaa kwa sababu ya maradhi kulitegemea Sheria ya Afya ya Umma, nayo ni ya 1921. Tukumbuke sheria hiyo ilizaliwa katika mazingira gani. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, wakoloni walilichoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu wa Kiingereza, Simpson, na ushauri wake ukawa mji ugawanywe, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Afya ikawa ndiyo sababu ya kuwatenga watu.

Kuna kitu kidogo katika ile sheria ya 1950 ambacho mtu akikisoma hucheka kisha akanyamaza. Kafyu inayokula saa za mchana imewekewa ukomo wa siku, tatu au saba kulingana na urefu wa saa zake. Kafyu ya usiku mtupu haimo katika ukomo huo. Basi ikaongezwa, ikaongezwa, mpaka ikafika karibu miezi kumi na tisa.

Na Katiba ya 2010 yasemaje? Kifungu cha 58 chasema hali ya hatari ikitangazwa ni siku 14 tu. Ikitakiwa kuongezwa, lazima Bunge lijadili waziwazi na theluthi mbili wakubali, tena kwa muda usiozidi miezi miwili. Mara nyingine baada ya hapo yatakiwa robo tatu. Mahakama ya Juu nayo yaweza kuulizwa kama tangazo ni halali.

Siku hizo 14 hazikutoka hewani. Desemba 1963, uhuru ukiwa haujamaliza mwezi, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Kanuni zake zilifika Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mtu aliweza kuwekwa ndani bila mashtaka na kuzuiwa kusafiri. Haikuondolewa hadi 1991, yaani miaka 28! Waulize jamaa zetu wa Garissa na Wajir wenye umri. Wengi wa walioishi chini ya amri hiyo ni Waislamu, kwa hivyo kifungu cha 58 ni chetu pia, kimelipiwa.

Mwaka 2020 hali ya hatari haikutangazwa, na hapo ndipo pa kuangalia. Mtu aweza kusema ilikuwa afadhali, maana tangazo lingeipa serikali nafasi ya kubana haki zaidi. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini matokeo yake ni kwamba amri iliyoifungia nchi nzima majumbani haikupita kwenye ule mjadala wala zile kura.

Ikawaje? Siku ileile ya kwanza, kivuko cha Likoni, watu waliotoka kazini wakisubiri feri walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja haijafika. Ati wajikinge na korona, kisha wanarundikwa chini pamoja, wanakohoa! Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko, Nairobi, akiwa kwenye roshani ya kwao. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Aprili mosi. Hadi mwanzoni mwa Juni, IPOA, ile mamlaka huru inayowachunguza polisi, ilikuwa imehesabu vifo 15 vilivyohusishwa nao tangu kafyu ianze. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Jaji Korir akaamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu zilizotumika kuitekeleza si halali. Uamuzi huo naupenda kwa sababu umetenganisha mambo mawili ambayo mitaani tulikuwa twayachanganya.

Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Wengi walilalamika kwamba imefungwa mitaa ya Waislamu. Tuwe waadilifu: wagonjwa walikuwa wakiongezeka humo, na hadithi tuliyoitaja yaunga mkono kufunga. Lakini aliyefungiwa ana haki zake. Siku ileile ndipo serikali ilipotangaza kwamba itagharamia karantini katika vituo vyake. Kabla ya hapo mtu aliwekwa humo kwa nguvu, kisha akadaiwa kama shilingi 2,000 kwa siku. Nani mwenye kibanda cha viazi angejitokeza kupimwa?

Na usiku wa kafyu mama mjamzito akishikwa na uchungu, aende hospitali kwa gari gani? Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa kina mama Nairobi, aliona wodi ya uzazi imepungukiwa na watu, akajua kina mama wamekwama majumbani. Akaanzisha mpango wa usafiri wa bure wa usiku, Wheels for Life. Jazahallahu kheir, lakini kazi hiyo ilitakiwa ipangwe na mwenye kutoa amri, kabla ya kuitoa.

Halafu pesa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliikagua KEMSA, idara inayonunua dawa za serikali, akakuta ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 wenye kasoro, barakoa na mavazi ya madaktari yakiwemo. Desemba 2020 wauguzi wakagoma, madaktari wakafuata, wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Mwezi huohuo daktari kijana wa miaka 28 alifariki kwa korona baada ya kuhudumia wagonjwa kwa miezi bila mshahara.

Misikiti ilianza kufunguliwa Julai 2020, watu 100, saa moja tu, bila watoto wala wazee, na madrasa zikabaki zimefungwa. Ramadhan ya 2021 nusu yake ya kwanza, Nairobi na kaunti nyingine nne zilikuwa zimefungwa tena. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, tarehe ambayo mwaka 1952 Waingereza walitangaza hali yao ya hatari. Sijui kama aliyeichagua alilifikiria hilo.

Seneti iliwahi kuletewa mswada mwaka 2020 wa kuweka utaratibu mpya wa kukabiliana na majanga kama yale. Haukuwa sheria. Kwa hivyo maradhi yakija tena, waziri atafungua kitabu kilekile cha 1950, na Bunge litasikia habari kwenye redio pamoja nawe.

Wabillahi tawfiq.