Kinyozi Hajinyoi: Wembe, Maji na Methali Mbili katika Historia ya Pemba

Waswahili wana methali isemayo kuwa kinyozi hajinyoi, na wapo wanaoikamilisha kwa kusema kuwa akijinyoa hujikata. Wana nyingine inayojulikana zaidi: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Shuleni methali hizi hufundishwa kama maonyo juu ya mwenendo wa watu: ya kwanza hukumbusha kuwa binadamu huhitajiana, ya pili huhimiza kujiandaa. Ni nadra kuulizwa kinyozi huyo alishika chombo gani mkononi, na maji hayo yalikuwa ya kazi gani. Kisiwa cha Pemba kinafaa kuulizia maswali hayo, kwa kuwa katika muda wa takribani karne moja chombo cha kunyolea kimebadilika humo mara mbili, na kila badiliko limegusa methali yake.

Wembe wa asili ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa, chenye makali upande mmoja, kikanolewa kwenye kinoo. Jina lake lina wingi wa nyembe, kama wavu na nyavu, uso na nyuso. Vitenzi noa na nyoa hutofautiana kwa sauti moja tu, na katika kazi hii havikutengana, kwani aliyetaka kunyoa hakuwa na budi kunoa kwanza. Umbo la kitenzi chenyewe linasimulia zaidi. Katika nyoa hakuna l inayosikika, lakini katika nyolewa l hiyo hujitokeza, na katika kinyozi imegeuka z, kama ilivyo kwa okoa, okolewa na mwokozi. Hivyo basi sauti ya kale ya kitenzi hiki imehifadhiwa katika maneno mawili: anayenyoa watu na tendo la kunyolewa naye. Jinyoa halina kumbukumbu hiyo.

Mpangilio huo wa maneno ulilingana na maisha. Kichwa cha mtoto mchanga kilinyolewa na watu wazima, ama siku ya saba kwa mujibu wa sunna ya akika, ama siku ya arobaini kwa mazoea ya mwambao. Mwanamume mzima alinyolewa kipara chini ya kofia yake, na kisogo chake hakukiona. Shingo yake ilikuwa mikononi mwa mwenziwe, na baina yao palikuwa na imani. Ilikuwapo sehemu moja ambayo methali haikuihusu: nywele za siri, ambazo kila mtu alijiondolea faraghani, na ambazo kwa hadithi ya Anas bin Malik zisiachwe zaidi ya siku 40. Kwa sababu hiyo wembe mwepesi wa mtu binafsi ulikuwa na haja ya kudumu katika nyumba ya Mwislamu kabla haujatengenezwa kiwandani.

Wembe huo ulikuja kutoka mbali. Kufikia karne ya 18 Mfaransa Jean-Jacques Perret alikuwa amekwisha kubuni wembe wenye kingio la kuzuia makali yasizame katika ngozi. Lakini aliyeugeuza kuwa bidhaa ya ulimwengu ni Mmarekani King Camp Gillette. Kampuni yake iliundwa mwaka 1901, na mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, iliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza ilitolewa Novemba 1904, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikautia wembe huo katika mifuko ya mamilioni ya askari. Wazo lake lilikuwa moja: bamba jembamba la chuma lenye makali pande mbili, lisilonolewa, likichakaa likatupwa na kununuliwa jingine.

Bidhaa ya kununuliwa tena na tena huhitaji watu wenye fedha taslimu, na Pemba ilizipata kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo chimbuko kuu la zao hilo. Fedha za msimu zilipita katika maduka ya Wete, Chake Chake na Mkoani, na vitu vidogovidogo vya viwandani vikaingia majumbani kwa njia hiyo.

Aliyeshika mashine hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa na mambo ya kusahau kabla ya kujifunza. Mkono uliozoea wembe wa kufuliwa ulitafuta wenyewe mwinamo wa makali. Hapa mwinamo umekwisha kupangwa na kifuniko na kingio, na mpini hushikwa kwa takribani nyuzi 30 kutoka ngozini. Anayekandamiza hujikata, kwani uzito wa chuma chenyewe unatosha. Nywele hufuatwa zinakoelekea, kidogo kidogo, nao uso sharti uwe umeloweshwa vizuri kwa maji na sabuni, maana unywele mkavu ni mgumu, na uliolowa hulainika ukakatika kwa wepesi. Aliyeyafuata hayo aliinuka mbele ya kioo akiwa amejinyoa, wala hakujikata. Methali ya kwanza ilikuwa imepata mpinzani.

Matokeo yake katika lugha yanaonekana. Noa ilijitenga na nyoa, kwa kuwa wembe wa dukani haunolewi. Neno wembe, lililokuwa jina la chombo kizima, lilikaribia kuwa jina la bamba tupu. Sifa ya ukali haikupotea: mwanafunzi hodari bado huambiwa ana akili kali kama wembe. Aidha, umiliki wa wembe ulipata uzito mpya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Zanzibar mwaka 1986, kuchangia wembe kulianza kuhesabiwa miongoni mwa hatari, kwani damu isiyoonekana kwa macho huweza kubaki kwenye makali. Wembe wako mwenyewe ukawa suala la uhai.

Badiliko la pili limekwenda kinyume na la kwanza. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na gridi ya taifa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Mashine ya umeme ya kunyolea ilikuwa ikijulikana kabla ya hapo, lakini umeme wa kutegemewa zaidi uliifaa saluni. Kinyozi amerudi katika nafasi yake ya zamani, na mteja amerudi kunyolewa. Kilichoondoka ni maji. Mashine ya umeme hupitishwa juu ya nywele kavu. Zikilowa hushikamana na kuikwamisha. Kijana akimwona mwenziwe ananyolewa leo, asitie zake maji, atamkera kinyozi.

Hivyo kila chombo kimeitikisa methali moja na kuiacha nyingine. Wembe wa viwandani ulimfundisha mtu kujinyoa lakini ukayahifadhi maji. Umeme umemrudisha kinyozi lakini umeyafuta maji. Methali zote mbili bado zinasemwa, na hilo ni ushahidi wa nguvu ya lugha. Hata hivyo, mwanafunzi anayekariri kuwa kutia maji ni kujiandaa, bila kujua kuwa maji hulainisha unywele ili wembe usimuumize, amepewa tafsiri bila matini. Waliozoea wembe wa kufuliwa na kinoo chake ni wachache, na wanapungua. Kuwauliza sasa, na kuandika majibu yao kando ya kila methali, ni sehemu ya kazi ya kamusi.