Kabla ya kusema ni virusi

Kwa Kifaransa chetu cha masomo neno "memwari" lina maana mbili. Kuna memwari unayotetea mbele ya maprofesa mwisho wa licence, na kuna memwari ya ndani ya mashini, ile bareti inayoshika kazi yako wakati unaandika. Kwangu mimi ya pili nusura iue ya kwanza. Njo maana ninaandika habari hii, kwa sababu kwetu Kasongo mashini ikianza kusumbua jibu ni moja tu: virusi.

Nilikuwa nimepima mavuno ya mpunga na muhogo katika mashamba ya Kasongo na ya upande wa Kabambare. Safari ya pikipiki, barabara munaijua. Hesabu zote nikaziingiza katika laptopu niliyoiongezea bareti ya okazyo ya giga 4. Wiki ya pili faili ya Excel ikakataa kufunguka. Kopi niliyoiweka kwenye flashi nayo ikakataa. Ekrani ya buluu ikawa mgeni wa kila jioni. Fundi mmoja akaweka Windows upya mara mbili, na mara ya pili ikasimama katikati. Nikalipa mara mbili. Kumbe disiki haikuwa na kosa lolote.

Turudi nyuma kidogo. Bareti za leo zimezaliwa na wazo la Robert Dennard, mhandisi wa IBM, aliyepewa haki ya uvumbuzi wake mwaka 1968. Kila biti, yaani kila 0 au 1, inakaa ndani ya kapasita moja ndogo sana, na transista moja ndiyo mlango wake. Ile kapasita inavuja kama ndoo iliyotoboka, basi mashini inalazimika kuijaza tena na tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Ndani ya giga 4 kuna ndoo zaidi ya bilioni 34. Moja ikiwa mbovu, inatosha kuharibu faili, na faili ikiharibikia ndani ya memwari, utahifadhi uharibifu uleule kwenye disiki na kwenye flashi. Njo ile kopi yangu haikunisaidia.

Watu wa zamani walijua hatari hiyo. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na biti ya 9 kwa kila biti 8, kazi yake kuchunga tu: hesabu ikikosa, mashini inasimama na kukuambia. Miaka ya 1990 watengenezaji wengi wakaiacha ili bei ishuke. Seva kubwa bado zina memwari yenye kujirekebisha, ila mashini zetu za kawaida nyingi hazina mlinzi. Mimi naona ule ulikuwa ubahili, lakini bila ubahili ule pengine laptopu zisingefika Kasongo.

Ndipo programu ya Memtest86 ikawa na kazi. Chris Brady aliiandika mwaka 1994 na kuitoa bure, pamoja na msimbo wake, kwa leseni ya GPL. Inawaka yenyewe kutoka flashi, bila Windows wala Linux, kwa sababu mfumo ukiwa umekalia memwari huwezi kupima pale unapokalia. Inaandika mpangilio wa 0 na 1, inarudi kusoma, inageuza, inasoma tena. Isipokuta ilichoandika, mstari mwekundu unatokea ukiwa na anwani ya pale palipoharibika. Mwaka 2004 Mfaransa Samuel Demeulemeester akachukua msimbo ule na kutoa Memtest86+, ili iende na mashini mpya. Mwaka 2013 ile ya kwanza ikaingia mikononi mwa kampuni ya PassMark na matoleo yake mapya yakafungwa msimbo. Ile ya alama ya kujumlisha ikabaki huru, ikalala miaka mingi, mpaka toleo la 6 lilipotoka 2022, likijengwa juu ya kazi ya Martin Whitaker. Ukubwa wake ni kama picha chache za simu. Kwa mwenye kununua mega kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Lakini programu hii haioni kila kitu. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe za urani na thoriamu zilizobaki katika kifuniko cha chipu zinaweza kugeuza biti moja, halafu chipu inaendelea kuwa nzima. Na tarehe 18 Mei 2003, kule Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alizidishiwa kura 4,096. Waligundua kwa sababu hesabu yake ilizidi kura zilizowezekana. 4,096 ni 2 ikizidishwa kwa 2 mpaka ziwe 2 kumi na mbili: biti moja imegeuka, basi. Wataalamu walisema huenda ni mionzi ya angani. Kosa la namna hiyo halirudii, Memtest haiwezi kulikamata.

Langu lilirudia. Umeme wetu ni wa pano na grupu, na kupima vizuri kunataka usiku mzima, kwa hiyo nikapima bareti moja moja, betri ikijaa. Ile ya okazyo haikufika dakika 20: mistari myekundu, anwani ileile kila mzunguko. Nikaitoa, nikasugua meno yake kwa gomu ya shule (meno yale yamepakwa dhahabu kidogo, siwezi kuapa kama imetoka Namoya), nikaibadilisha nafasi. Ikawa vilevile. Bareti ya zamani ilimaliza mizunguko 4 bila kosa.

Kwa Linux, kazi ya Rick van Rein iitwayo BadRAM inaruhusu kuuambia mfumo uruke anwani mbovu, ukaendelea kutumia zilizobaki. Mimi niliitoa kabisa, kwa hasira. Hesabu za mashamba nikaziandika upya kutoka daftari, siku 9, na nikatetea nikiwa na giga 2.

Mwenye flashi isiyo na kitu ndani aje nayo, nitamwekea. Itafutwa yote, hifadhini kwanza.