Mulatu Astatke na Safari ya Marimba

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alishuka melini huko Lindi akashika njia ya bara kwa miguu. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo kwanza vinatulia kusini. Msafara wake ulipita katika nchi ya Wamwera, nchi iliyoenea hadi Ruangwa na Nachingwea za leo, ukafika Masasi, kisha ukapanda nyanda za juu za Newala. Weule alichukua kamera, na pia mashine ya kunasa sauti kwa mapipa ya nta. Miongoni mwa vyombo alivyovipiga picha katika safari hiyo kimo kimoja kiitwacho mgoromondo: vipande vya mbao vilivyochongwa kwa urefu mbalimbali, vikalazwa juu ya matita mawili ya majani, na kupigwa kwa vijiti. Chombo hicho hakikuwa na vibuyu vya kukuza sauti, wala misumari, wala kamba nyingi. Mpigaji akimaliza aliweza kukusanya mbao zake na kuyaacha majani palepale.

Mgoromondo una ndugu zake. Ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, wako watu wanaopiga mangwilo, marimba ya magogo ambayo wapigaji wawili huikabili, huyu upande huu na huyu upande ule. Mmoja hupiga pale mwenziwe anapoinua mkono, hata sauti za wawili zikasikika kana kwamba zatoka kwa mtu mmoja mwenye mikono minne. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria, aliwapiga wachezaji wa mangwilo picha za sinema mwaka 1962, akazitazama picha hizo moja baada ya moja, na mwaka 1965 akatangaza muziki huo kwa maandishi. Ndipo wasomi wa mbali walipoweza kuona kwa macho hesabu ambayo wapigaji waliijua kwa mikono.

Hapa budi kuondoa utata wa jina. Katika sehemu nyingi za Tanzania neno marimba hutumiwa kwa kile chombo kidogo chenye ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Katika makala hii marimba ni chombo cha vipande vilivyopangwa na kupigwa kwa vijiti. Neno lenyewe ni la Kibantu, nalo lilivuka bahari pamoja na watu. Waafrika waliochukuliwa utumwani na kupelekwa Amerika walikwenda na ujuzi wa kuunda chombo hiki, na huko Guatemala na kusini mwa Mexico kikapata makao mapya, hata leo Waguatemala wanakihesabu kuwa chombo cha taifa lao. Kutoka huko kiliingia katika viwanda vya Marekani. Mafundi wa Chicago na Indianapolis walianza kuunda marimba za kiwandani, kisha katika miaka ya 1920 wakaweka vipande vya madini mahali pa mbao, wakatia chini yake mabomba ya kukuza sauti, na ndani ya mabomba visahani vinavyozungushwa na mota ili sauti itetemeke, na mwisho kikanyagio cha kuizima au kuiachia. Chombo hicho kikaitwa vibrafoni. Mwaka 1930 Lionel Hampton alikipiga katika santuri pamoja na Louis Armstrong, na tangu hapo kikawa chombo cha jazi. Baada yake alikuja Milt Jackson, aliyekifundisha kuimba taratibu kama sauti ya mtu.

Neno jazi nalo lina maana mbili katika Afrika ya Mashariki. Kwa wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam, Morogoro, Tabora au Kilwa, Jazz lilikuwa jina la bendi: magitaa, ngoma, tarumbeta, na watu wakicheza hadi usiku wa manane. Bendi hizo ziliazima jina la muziki wa Waamerika weusi, lakini mapigo yao mengi yalitoka Kuba na Kongo. Jazi kwa maana ya pili, yaani ule muziki wa Waamerika wenyewe, ambamo mpigaji hutunga papo hapo juu ya mpango uliokwisha kuwekwa, haikupata wanafunzi wengi katika sehemu zetu. Mmoja aliyeisoma hadi mwisho wake, tena kwa chombo hiki cha kupigwa kwa vijiti, alitoka Ethiopia. Jina lake ni Mulatu Astatke.

Mulatu alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia, nchi ya kahawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wazazi wake walimpeleka Wales, katika shule ya Lindisfarne, wakitumaini kwamba atasoma uhandisi. Tumaini hilo lilikuwa la wazazi wengi wa Afrika wa wakati ule, maana nchi zilihitaji wahandisi na waganga, na kijana aliyepelekwa ng'ambo kwa gharama kubwa alikuwa amebeba haja za ukoo mzima. Lakini huko shuleni kijana alikutana na muziki, na muziki ukamshinda. Akaiacha njia ya uhandisi, akaenda London kusoma katika Chuo cha Muziki cha Trinity, na usiku akawasikiliza na kupiga pamoja na wanamuziki wa Afrika na wa visiwa vya Karibi waliokuwa wakiishi katika mji huo.

Huko London aliona jambo lililomsumbua. Waghana na Wanigeria walikuwa na muziki uliojulikana, na watu wa Karibi vilevile, bali Ethiopia, nchi iliyojivunia ufalme wa kale, haikuwa na sauti yoyote katika mabaraza hayo ya kimataifa. Kwa azma ya kuondoa upungufu huo alivuka bahari mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaingia shule ya Berklee huko Boston, naye ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Kiafrika katika shule hiyo. Ndipo aliposhika vibrafoni. Kutoka Boston alihamia New York, akaunda kundi la watu watano lililoitwa Ethiopian Quintet, ingawa Mwethiopia alikuwa yeye peke yake. Wenzake walikuwa watu wa Puerto Rico na Waamerika weusi. Mwaka 1966, kabla hajatimiza miaka 23, alitoa santuri mbili zilizoitwa Afro-Latin Soul.

Ili kuifahamu kazi aliyoianza, msomaji lazima ajue tatizo lililokuwa mbele yake. Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia umejengwa juu ya skeli nne zenye sauti tano tano: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Kila moja ina rangi yake, na msikilizaji wa huko huitambua mara moja kama mtu atambuavyo lahaja ya kwao. Jazi ya Marekani hutumia sauti zote 12 za piano, na huzirundika tatu, nne au zaidi kwa pamoja ili kuufanya wimbo uwe mnene. Mtu akizileta sauti hizo 12 bila hadhari juu ya skeli ya sauti tano, ile rangi hufutika, na kilichobaki huwa jazi ya kawaida yenye kofia ya Kihabeshi. Mulatu alikuwa na kazi ya kuchagua sauti za kusindikiza moja baada ya moja, akizikubali zile tu ambazo zingeiacha tizita ibaki tizita. Wimbo wenyewe na vyombo vinavyouongoza vilishika sauti tano. Sauti nyingine ziliwekwa chini, kama kivuli. Mtindo huo aliuita Ethio-jazz.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alirudi Addis Ababa, akaileta vibrafoni, na ngoma za konga, na vinanda vya umeme. Mji ulikuwa na bendi nyingi hodari, zilizotokana na bendi za tarumbeta za jeshi, polisi na walinzi wa mfalme. Si wote waliompokea kwa furaha. Wako waliouliza kwa nini nyimbo za wazee zivishwe nguo za kigeni. Swali hilo halikuwa la kijinga, na linastahili kujibiwa kwa kazi, si kwa maneno. Jibu lilitoka katika santuri alizozirekodi kwa ajili ya Amha Records, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 na Amha Eshete kinyume cha mpango wa serikali uliotoa haki ya santuri kwa shirika moja tu. Mwaka 1972 alirekodi huko New York Mulatu of Ethiopia. Mwaka 1973 Duke Ellington alizuru Addis Ababa na bendi yake, na Mulatu akawa mwenyeji wake na akapiga pamoja naye. Mwaka 1974 ikatoka Yekatit Ethio Jazz.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Mfalme Haile Selassie aliondolewa katika kiti chake. Serikali ya kijeshi iliyofuata iliweka amri ya kutotembea usiku, na amri hiyo peke yake ilitosha kuua muziki wa mabaraza, maana bendi za dansi hula usiku. Wanamuziki wengi walikimbilia ng'ambo. Mulatu alibaki, akafundisha, akapiga pale ilipowezekana. Kwa miaka mingi dunia haikusikia habari zake.

Kilichomwokoa na kusahauliwa ni santuri. Mwaka 1998 zile nyimbo za miaka ya 1969 hadi 1974 zilikusanywa na kutolewa upya Ufaransa, katika juzuu ya nne ya mfululizo wa Éthiopiques uliosimamiwa na Francis Falceto. Mwaka 2005 Jim Jarmusch, mtengenezaji wa sinema wa Marekani, alizitumia katika sinema yake Broken Flowers, na watu wasioijua Addis Ababa hata kwenye ramani wakaanza kuuliza ni nani huyu. Mulatu alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60. Akaitwa Harvard kwa utafiti mwaka 2007 na 2008, ambako alishughulika na jinsi ya kukipanua kinubi kiitwacho krar kiweze kupiga sauti nyingi zaidi; mwaka 2009 ikatoka santuri aliyoirekodi na kundi la The Heliocentrics la London; mwaka 2010 akatoa Mulatu Steps Ahead, na mwaka 2013 Sketches of Ethiopia. Berklee, iliyompokea akiwa kijana, ilimtunuku shahada ya heshima mwaka 2012.

Katika mihadhara yake Mulatu hupenda kuwataja Waderashe, watu wa kusini mwa Ethiopia wanaopuliza mianzi, kila mtu akitoa sauti yake moja kwa zamu. Jumla ya sauti hizo, asema, ni skeli ambayo mabingwa wa Ulaya na Marekani huihesabu kuwa uvumbuzi wao. Hoja yake ni kwamba watu wa mashamba ni wanasayansi, na kwamba msomi aliyerudi kutoka ng'ambo ana deni kwao. Maisha yake yanaonyesha jinsi deni hilo linavyolipwa. Alisoma kwa wageni yote waliyokuwa nayo, akarudi, akayafanya yale aliyoyasoma yatii sauti tano za kwao. Mwacha mila ni mtumwa. Naye hakuiacha, ijapokuwa aliishika kwa vijiti vya kigeni.

Tena vijiti hivyo havikuwa vya kigeni kabisa. Vibrafoni ilipofika Addis Ababa ilikuwa imezunguka kutoka Afrika hadi Guatemala, kutoka Guatemala hadi Chicago, na ikarudi Afrika imevaa madini na mota. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa akiitazama, atatambua mpango wa vipande virefu na vifupi, na kazi ya mikono miwili inayopokezana. Chombo kilichopigwa picha kusini mwaka 1906 na chombo kilichopigwa na Mulatu mbele ya Ellington ni wa ukoo mmoja.

Tofauti iliyobaki ni ya kumbukumbu. Kusini kumetoa mabingwa. Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, alikuwa mtu wa kusini, na ngoma zake zilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania kiasi kwamba taifa zima liliijua sauti yake, hata wale wasiojua jina lake. Redio ilimhifadhi yeye, kama santuri zilivyomhifadhi Mulatu. Mpigaji wa mgoromondo hakuwa na redio wala santuri. Alikuwa na mbao zake, na majani aliyoyaacha njiani. Mulatu alikaa kimya machoni pa dunia kwa zaidi ya miaka 20 na bado akarudi, kwa sababu palikuwa na kitu cha kurudia. Mwanafunzi wa kusini anayetaka kuufanyia mgoromondo kazi kama ile iliyofanyiwa tizita, kwanza hana budi kuwatafuta wazee wanaokumbuka jinsi mbao zilivyopangwa, awasikilize, na kunasa sauti zao, kabla ya kuwaza habari za vibrafoni.