Majina ya Kazi za Kale katika Kumbukumbu za Koo za Buha

Achunguzaye nasaba za koo za Muyama, katika nyanda za juu za Buha, hana budi kutegemea karatasi ambazo nyingi ziliandikwa kwa amri ya wageni: madaftari ya ubatizo, stakabadhi za kodi, vipande vya kazi. Muyama ilihesabiwa katika wilaya ya Kasulu hadi mwaka 2012, ilipotengwa wilaya ya Buhigwe. Mtu aliyezaliwa huko kabla ya vita ya 1914 aliweza kutawaliwa na serikali tatu pasipo kuhama kilima chake: Wajerumani, kisha Wabelgiji tangu 1916, kisha Waingereza tangu 1921. Kila serikali ilikuja na makarani wake, na Kiswahili cha makarani hao kilibeba maneno ya misafara, ya boma na ya mashamba. Basi jina la kazi lililoandikwa mbele ya jina la babu laeleza kwanza alichokitambua karani, ndipo lieleze alichokifanya babu.

Litazamwe neno mnyapara, au mnyampara, ambalo asili yake ni Kinyamwezi. Katika misafara ya karne ya 19 baina ya Tabora na Ujiji, mnyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, wala si kirangozi, ambaye kazi yake ilikuwa kutangulia njiani. Katika shamba la mkonge alikuwa msimamizi wa vibarua. Gerezani, mfungwa aliyewekwa juu ya wenziwe. Mjukuu alisomaye neno hili pasipo kuangalia mwaka aweza kumpa babu yake heshima asiyokuwa nayo, au kumvua aliyokuwa nayo. Mchungaji nalo ni vivyo hivyo: huenda ni mlisha ng'ombe wa mwingine, huenda ni kiongozi wa kanisa la Kiprotestanti.

Manamba si jina la kazi hata kidogo. Aliyeitwa hivyo huenda alikata mkonge, huenda alipalilia. Neno laonyesha tu jinsi alivyoajiriwa, yaani kwa mkataba na kwa namba, mbali na kwao. Kasulu na Kibondo zilitoa vibarua wengi waliokwenda mashamba ya mkonge, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU. Hapa yafaa tahadhari ya hesabu. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi iliyotimizwa, na siku ambayo mtu hakwenda kazini haikuhesabiwa. Hivyo vipande 12 si mwaka mmoja. Na pengo linaloonekana katika maisha ya mtu huenda si pengo.

Lililo gumu kuliko yote ni neno ambalo huenda lisionekane kabisa katika karatasi. Katika Buha, mteko alikuwa mlinzi wa ardhi: aligawa mashamba na kuiombea nchi, na madaraka yake hayakutoka kwa watwale waliotawala chini ya mwami. Waingereza walijenga serikali ya wenyeji juu ya mwami na watwale. Mteko hakuwa na nafasi katika muundo huo. Karani aliyemwandika "mkulima" hakusema uongo, maana mteko naye alilima. Aliyemwandika "mganga" alimweka katika kundi la watu wengine kabisa. Ndipo ukoo usimuliao kwamba babu yao ndiye aliyewagawia majirani ardhi huonekana kama unajikweza, kwa kuwa hati haiungi mkono masimulizi, na mchunguzi mwenye kupenda karatasi hutoa hukumu upesi mno.

Ulinganisho ungeanzia nje ya hati. Wazee waulizwe kwa Kiha, si kwa Kiswahili, kwa kuwa swali la "kazi yake ilikuwa nini" huleta jibu lile lile la karani. Waulizwe nani aliyeendewa mgeni alipotaka mahali pa kulima, na nani aliyeitwa mvua zilipochelewa. Majibu yakipatikana kwa koo jirani, zisizo na faida katika jambo hilo, ndipo daftari lifunguliwe tena.