McLaren 1988: Mbio 16, ushindi 15

ISIPOKUWA alasiri moja mjini Monza, Italia, hakuna timu nyingine iliyoonja ushindi katika mbio za magari za Formula One mwaka wa 1988. Kati ya mbio 16 za msimu huo, McLaren ya Uingereza ilitwaa 15. Ayrton Senna wa Brazil akishinda nane na Alain Prost wa Ufaransa saba.

Timu hiyo ilizoa pointi 199. Ferrari, iliyoibuka ya pili, ilikuwa na 65. Kiwango hicho cha ushindi hakikupitwa hadi mwaka wa 2023, Red Bull iliposhinda mbio 21 kati ya 22.

Ajabu ni kwamba kanuni za mwaka huo zilinuiwa kuwabana wenye injini za turbo, ambazo zilikuwa zipigwe marufuku kuanzia 1989. Shinikizo la injini hizo lilipunguzwa, na kila gari la turbo likaruhusiwa petroli lita 150 pekee kwa mbio nzima. Timu nyingi zikaona heri kuhamia mapema kwenye injini za kawaida za lita 3.5, ambazo hazikuwekewa kikomo cha mafuta. Honda ilifanya kinyume: iliisuka upya turbo yake, ikawa na nguvu bila kubugia petroli.

Lakini injini pekee haikutosha. Lotus ilikuwa na Honda iyo hiyo, tena ikiendeshwa na bingwa mtetezi Nelson Piquet, na haikushinda hata mara moja. Tofauti ilikuwa gari lenyewe, MP4/4, lililobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Steve Nichols, huku Gordon Murray, mzaliwa wa Afrika Kusini, akiwa mkurugenzi wa ufundi. Lilikuwa gari la chini mno, dereva akiketi kama aliyejilaza chali. Katika mbio za Imola, Senna na Prost waliwapita wapinzani wote kwa mzunguko mzima.

Husemwa kwamba timu moja ikitamba kupita kiasi, mbio hupoteza ladha. Msimu huu haukuwa hivyo, kwani mafahali wawili walikuwa zizi moja. Mjini Monaco, Senna alikuwa mbele kwa takriban sekunde 50 alipogonga ukuta wa chuma peke yake, akamwachia Prost ushindi. Mjini Estoril, Ureno, alimbana mwenzake kuelekea ukuta wa kando ya barabara wakiwa katika kasi ya kutisha. Prost hakurudi nyuma. Alimpita na kushinda, ila urafiki wao haukupona vyema.

Na Monza? Prost aliangushwa na injini. Senna naye, ikiwa imesalia mizunguko miwili tu, aligongana na Jean-Louis Schlesser wa Williams, ambaye alikuwa akishikilia nafasi ya Nigel Mansell aliyeugua tetekuwanga. Gerhard Berger na Michele Alboreto wakaipa Ferrari nafasi mbili za kwanza mbele ya mashabiki wao, Septemba 11, chini ya mwezi mmoja baada ya kifo cha mwasisi wa timu hiyo, Enzo Ferrari.

Taji liliamuliwa Suzuka, Japani, Oktoba 30. Injini ya Senna ilitaka kuzimika pale pale kwenye mstari wa kuanzia, akajikuta wa 14. Aliwapita mmoja baada ya mwingine, hatimaye Prost mwenyewe, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, anayejumlisha pointi zote za msimu atapata jibu jingine. Prost alikuwa na 105, Senna 94. Mfaransa huyo alimaliza mbio 14, akashinda saba na kuwa wa pili katika saba zilizobaki. Lakini kanuni ilihesabu matokeo bora 11 pekee ya kila dereva, na ushindi ulikuwa na pointi tisa dhidi ya sita za nafasi ya pili. Prost akakatwa pointi 18, akabaki na 87; Senna akapoteza nne tu, akabaki na 90.

Mtindo huo wa kuhesabu ulitumika hadi msimu wa 1990. Kuanzia 1991, pointi zote za dereva huhesabiwa.