Miaka 90 ya Forodhani: Meza za pwani ni za nani?

Mwaka 2026 Bustani ya Forodhani, Unguja, inatimiza miaka 90, na siku hizi imezingirwa. Kutoka mtaa wa Shangani mpaka wa Malindi, kila msimu wa wageni unapokaribia hufunguliwa mkahawa mpya, baa mpya, au paa la nyumba ya kale huwekwa viti na kuitwa pahala pa kutazamia jua likizama. Wenye mji wamebaki na bustani hii moja.

Profesa Abdul Sheriff, aliyepata kuongoza makumbusho ya Zanzibar, amewazoesha wasomaji wake kuitazama Unguja kutoka baharini, na tukimfuata huko, chakula cha Forodhani tunakiona kikija na majahazi. Kaskazi ilileta watu wa Arabuni na Bara Hindi, nao wakangoja kusi iwarudishe makwao. Katika kungoja walikula, walipika, wengine walioa na hawakuondoka tena. Bakuli la urojo linaeleza mengi ya habari hiyo: bajia na kachori kutoka Uhindini, muhogo wa shamba uliokaangwa ukawa chipsi, chatne ya nazi, embe mbichi, na mishkaki juu yake.

Hatua nyingine za uwanja huu zinajulikana. Hapa ndipo ilipokuwa forodha, na mbele ya Ngome Kongwe ndipo ilipoanzia reli ya Bububu. Bandari ilipohamishiwa Malindi katika miaka ya 1920, uwanja ukabaki wazi, na mwaka 1936 ikafunguliwa bustani kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Haroub katika kiti cha enzi. Ikaitwa Jubilee Gardens. Mwaka 1956 likajengwa lango la kumpokelea Princess Margaret wa Uingereza. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja, jina la Jubilee likafifia na watu wakabaki na Forodhani yao.

Unywaji wa kutazama bahari nao una umri wake. Waingereza walikuwa na klabu yao Shangani tangu 1888, nayo baada ya Mapinduzi ikawa Africa House. Baadaye Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki 2014, alionyesha kwamba juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe mgeni atakaa chini kwenye mto, ale samaki wa nazi, na alipe vizuri. Waliomfuata ni wengi.

Lakini kisa kilichoutikisa mji ni cha mwaka 2006. Katika ufukwe wa Mizingani kulikuwa na mkahawa ulioitwa Mercury's, kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, na wazazi wake walihama naye baada ya Mapinduzi. Septemba ya 2006 angetimiza miaka 60, na mkahawa ukatangaza sherehe ya ufukweni. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ikapinga vikali: maisha ya mtu huyo, kwa mapenzi yake na wanaume, hayapatani na dini ya watu wa hapa, na kumsherehekea hadharani ni kuwavunjia heshima. Magazeti ya dunia yakalidaka jambo hilo. Sherehe ikafutwa.

Mkahawa ulibaki na jina lake, na mwaka 2019 makumbusho ya mwimbaji huyo yakafunguliwa papo hapo Mji Mkongwe. Kinachoniuma mimi ni kwamba tulishindana kwa nguvu zote juu ya jina la marehemu ubaoni, ilhali sikumbuki tukishindana hivyo juu ya jambo lililotuhusu kila jioni: pwani inagawiwa nani, na mtu wa mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mwenye watoto watatu atakaa wapi kula.

Forodhani ilifungwa kwa matengenezo mwaka 2008. Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni uliijenga upya, na Julai 2009 ikarudishwa kwa watu ikiwa na taa, njia za mawe na ukuta imara wa bahari. Kazi hiyo ilistahili sifa, na bado inastahili.

Nenda baada ya Magharibi utazame kijana wa pizza ya Zanzibar. Anatandaza kidonge cha unga mpaka kinakuwa chepesi kama karatasi, anaweka kima, kitunguu, jibini na yai, anakunja pembe nne, kisha anaitia kwenye chuma chenye samli. Pembeni miwa inapita kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi. Ufundi huu haupatikani katika mikahawa ya viti vya ngozi. Ila mgeni hutajiwa bei moja na mwenyeji nyingine, na kila mwaka ile ya mwenyeji huisogelea ya mgeni. Ubao wa bei kwenye kila meza, kwa Kiswahili kwanza, hauhitaji mfadhili.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, inatazamana na bustani hii. Siku itakaposimama tena, wawekezaji watautaka uwanja ulio mbele yake kuliko wakati wowote. Watu wa Malindi, Shangani na Ng'ambo waulizwe kabla mkataba haujatiwa saini.